Kichombo cha Muziki na Cherehani Inayotaka Kuhama

Karakana ya Ushonaji,
Chumba cha nyuma ya duka la vioo.
Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Cherehani.

YAH: KUPINGA OMBI LA KUHAMA LA MWANACHAMA AMBAYE NI MKE WANGU, NA KUKISHTAKI KICHOMBO CHA MUZIKI

Ndugu Mwenyekiti,

Kabla sijaingia kwenye jambo lenyewe, naomba tuelewane ni nani anamwandikia nani. Najua wewe ni shemeji yangu, na najua kwamba mwombaji ninayempinga ni dada yako wa tumbo moja. Lakini barua hii haitoki kwa shemeji kwenda kwa shemeji. Inatoka kwa mwanachama namba arobaini kwenda kwa Mwenyekiti wake. Kwa hiyo nakuomba uisome ukiwa ofisini, umekaa kwenye kiti cha chama, na si sebuleni kwako huku mkeo akichungulia nyuma ya bega lako na kucheka, kama ilivyotokea kwa barua yangu ya mwaka juzi kuhusu kelele za feni.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne ya wiki hii, saa nne kasoro robo asubuhi, nilikuta juu ya meza yangu ya kukatia, chini ya mkasi wangu mkubwa, Fomu ya Kuomba Nafasi katika Ukumbi Mpya wa kushonea wa chama. Imejazwa kwa mwandiko wa dada yako. Sina desturi ya kusoma karatasi za watu, lakini karatasi iliyo chini ya mkasi wangu naihesabu kuwa imefika ofisini kwangu. Niliunakili ukurasa wote katika shajara yangu, neno kwa neno, kisha nikairudisha fomu ilivyokuwa, na mkasi juu yake, ncha ikielekea upande uleule. Jina lake. Miaka ya kushona: ishirini na sita. Kazi anazozimudu: kola, mikono, vitundu vya vifungo, magauni ya aina zote. Na chini kabisa, mahali palipoandikwa "Sababu ya kuomba nafasi", kwenye mistari mitano ambayo chama kimemwachia mwanachama ajieleze, ameandika neno moja: Muziki.

Kamati inakaa Jumamosi. Mkimkubalia, Jumatatu cherehani ambayo imetazamana na yangu kwa miaka ishirini na sita itabebwa kwenda ukumbini, nami nitabaki nikitazamana na kalenda. Naomba basi mnisikilize kabla hamjapiga muhuri.

Wanakamati wa zamani wanaikumbuka redio yetu, ile iliyokaa juu ya rafu kwa miaka kumi na tisa, mgongo wake umefungwa kwa mpira wa kiunoni wa sketi ya shule. Redio hiyo ilikufa tarehe 2 Januari, saa tano na dakika kumi asubuhi, katikati ya taarifa ya hali ya hewa. Dada yako alisema, "Basi tununue nyingine." Maneno matatu tu. Ndivyo watu wanavyojikuta wanaishi na vitu wasivyovijua. Nilimwomba aniachie mimi, nifanye uchunguzi.

Uchunguzi ulichukua siku mia moja na tano. Niliandaa maswali ishirini na matatu, nikazunguka maduka saba ya vifaa vya umeme. Betri inakaa saa ngapi? Kitufe cha sauti kinaweza kubonyezwa na mtu mwenye chaki vidoleni? Kikiangukia kwenye kapu la vipande vya vitambaa, kitapatikana kwa njia gani? Wenye maduka wawili waliniona nikikata kona wakakumbuka kwamba ni wakati wa kula. Aliyestahimili ni mmoja, yule tunayemwita Bwana Waranti kwa kuwa hutoa waranti hata kwa kiberiti. Na hata yeye, tulipofika swali la kumi na tisa, aliweka kalamu chini akasema, "Mzee wangu, hivi unanunua kifaa cha muziki au unaoa?" Nilimjibu kwa ukweli kwamba wakati wa kuoa niliuliza maswali machache zaidi, na wewe Mwenyekiti ni shahidi, ulikuwepo.

Dada yako alikuwa ameomba redio. Mimi nilimletea kitu kilicho bora kuliko redio. Kichombo hakizidi ukubwa wa kiberiti, kioo chake ni upana wa kifungo cha koti, hakina watangazaji wala hali ya hewa. Nilikipeleka kwa yule dada mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwa kompyuta. Akaniuliza nataka nyimbo za nani. Nikamwambia zozote, mradi zisipungue dakika tatu wala kuzidi dakika nne na nusu. Akaniuliza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Tulitoka na nyimbo mia nane na kumi na mbili.

Tarehe 17 Aprili nilikifikisha karakana. Dada yako alikigeuza mkononi mara mbili, akauliza, "Sauti inatokea wapi?" Nikamwonyesha hedifoni. "Hizi si za mtu mmoja?" Nikamwambia mtu mmoja ana masikio mawili, kwa hiyo moja lake, moja langu. Akanitazama kwa muda mrefu. Katika shajara ya siku hiyo nimeandika: Amefurahi.

Sasa naorodhesha malalamiko.

1. Waya. Waya wa hedifoni una urefu wa mita moja na sentimita ishirini. Nimeupima kwa futi yangu mwenyewe. Kutoka kiti changu hadi kiti chake ni mita mbili na nusu. Ilibidi tuzisogeze cherehani hadi zikakaribiana kama mbuzi wanaotaka kupigana. Akiinama kuchukua bobini ya uzi, shingo yangu inainama. Nikigeuka kutafuta chaki, yeye anasema "Aa!" Tarehe 22 Aprili pekee nilivutwa sikio mara kumi na moja, naye mara tisa, nimeziandika zote kwa haki. Mteja akiingia, dada yako akisimama kumkaribisha, nasimama. Akienda kabatini, naenda. Mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua sare alituona tukipiga hatua pamoja na kurudi kukaa pamoja, akashika kifua, akasema, "Jamani, mapenzi hayo!" Dada yako akamjibu, "Si mapenzi, mwalimu. Ni waya."

2. Kasi. Cherehani zetu ni za miguu, na mguu wa fundi hufuata anachokisikia. Kwa redio hili halikuwa tatizo, kwa sababu redio huongea zaidi ya inavyoimba, na hakuna mtu anayeshona kwa mwendo wa hali ya hewa. Lakini tarehe 29 Aprili nilishona suruali ya karani wa posta. Mguu wa kulia niliushona kwa wimbo wa taratibu, wa mtu aliyeachwa akiwa bado ana mzigo mkononi. Mguu wa kushoto ukaangukia kwenye wimbo wa ngoma na tarumbeta. Miguu yangu ikakimbia, mikono ikavuta kitambaa, mshono ukajikunja. Nilipoinyoosha, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Karani alivaa, akatembea hadi mlangoni, na kwa kweli alionekana kama mtu ambaye mguu mmoja umechelewa kazini na mwingine uko likizo. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba, Ndugu Mwenyekiti. Sikuwahi kutoa suruali yenye maoni mawili.

Sikukata tamaa. Nilihesabu mapigo ya nyimbo zote mia nane na kumi na mbili kwa saa ya ukutani, nikazigawa katika folda: Nyimbo za Suruali, Nyimbo za Pindo, Nyimbo za Kola, na Nyimbo za Vitundu vya Vifungo. Kazi hiyo ilichukua siku tisa. Nilipomaliza nilibandika orodha ukutani. Dada yako aliisoma yote, mikono kiunoni, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikitaka kusikia wimbo wangu huu hapa, nisubiri mpaka mtu alete kola?" Nikamwambia ndiyo, ila asiwe na wasiwasi, wiki hiyo kola zilikuwa nyingi. Sioni ningewezaje kujibu kwa upole zaidi ya huo.

3. Upendeleo. Kichombo kina kitufe cha kuchanganya nyimbo. Sijui ni nani aliyewaza kwamba mtu akishapanga vitu kwa siku tisa atahitaji kitufe cha kuvivuruga kwa kidole kimoja. Lakini ubaya si huo tu. Kichombo huhesabu chenyewe kila wimbo umepigwa mara ngapi, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayoipenda hadi leo. Katika wiki ya tarehe 12 hadi 17 Mei, wimbo namba mia tatu na arobaini ulipigwa mara kumi na nne. Ni wimbo wa mwanamke anayemwambia mumewe kwamba anaongea kama mashine ya kusaga ambayo haijui kuwa nafaka imekwisha. Mara kumi na nne, kati ya nyimbo mia nane!

Nilikwenda kwa Bwana Waranti na jedwali langu. Akasema kichombo hakinijui mimi wala ndoa yangu, kinachagua kwa bahati tu. Nikamwambia bahati haiji mara kumi na nne, tena mara zote hizo wakati mimi nipo kwenye meza ya pasi na kichombo kimebaki upande wa mke wangu. Akalikunja jedwali taratibu, akanirudishia, akasema, "Mzee wangu, hiki kichombo ni kizima kabisa." Hajanijibu mpaka leo kwa nini kina upendeleo.

4. Sikio la bure. Kwa kuwa hedifoni zilikuwa moja kwa kila mtu, kila mmoja wetu alibakiwa na sikio moja lisilo na kazi. Niliona ni upotevu. Hivyo kila wimbo ulipoanza, nilimweleza dada yako katika sikio hilo namba ya wimbo, folda yake, urefu wake, na sababu za kuuweka hapo badala ya kwingine. Tarehe 26 Mei akaniomba hedifoni zote mbili, "leo tu". Hiyo "leo tu" sasa ina siku kumi na nane. Nilikubali, mimi si mtu wa kung'ang'ania.

Lakini Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa namweleza jambo la muhimu kuhusu uzi wa buluu. Nilimweleza mara tatu. Yeye alikuwa anashona huku akitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekolea kwenye wimbo. Nikatia mkono mfukoni mwangu kutafuta chaki, nikakikuta kichombo. Kimezimwa. Nikaufuata waya kwa macho. Ulitoka masikioni mwake, ukapita begani, ukaingia kwenye mfuko wa aproni yake, na mwisho wake ulikuwa umelala humo kati ya vifungo na peremende. Hakuacha kutikisa kichwa. Ndugu Mwenyekiti, nakiomba chama kinisaidie: alikuwa akisikiliza nini?

5. Chaja. Soketi tuliyo nayo ni moja. Kichombo kikichaji, pasi inapoa. Nimebandika ratiba. Chini ya ratiba hiyo dada yako ameandika kwa chaki: "Na mimi nachaji saa ngapi?" Sijatambua swali hilo linahusu kifaa gani.

6. La sita ni dogo, na nilifikiri nisiliandike.

Katika zile siku mia moja na tano nilizokuwa nachunguza, chumba hakikuwa na redio wala kichombo. Dada yako alikuwa anaimba. Wakati ule sikuliona kuwa ni jambo, nilikuwa nimeshughulika na maswali yangu ishirini na matatu. Lakini Jumanne, baada ya kuiona fomu, nilirudi nyuma katika shajara, nikakuta kwamba nilikuwa nikiliandika kila siku bila kukusudia, pembeni kabisa, baada ya mvua na jua. Siku za kazi zilikuwa tisini. Aliimba siku themanini na tatu. Siku mbili alikuwa na mafua, na siku tano alikuwa na pini mdomoni. Kuna wimbo mmoja, uliopigwa siku ya harusi yetu, ambao kila mara huukosea ubeti wa pili. Huweka wa tatu mahali pake, kisha anahangaika kutafuta njia ya kurudi. Nimeandika kwamba nilimsahihisha mara ishirini na nane.

Tangu tarehe 17 Aprili hadi leo ni siku hamsini na saba. Hajaimba hata mstari mmoja.

Ndiyo maana nasema mshtakiwa ni kichombo. Chumba kilikuwa na wimbo mmoja uliokosewa. Sasa kina nyimbo mia nane na kumi na mbili zisizo na kosa hata moja, na hakuna kinachosikika humo isipokuwa pedali.

Huenda utauliza kama nimezungumza na dada yako kuhusu fomu. Sijazungumza. Nimemwachia aanze yeye. Na kweli, Jumanne hiyohiyo mchana, bila kuinua macho kwenye kola, aliniuliza, "Umeiona?" Nikamwambia, "Nimeiona." "Basi?" "Basi nini?" "Basi nakusikiliza." Nikamjibu kwamba kila mwanachama ana haki zake kwa mujibu wa katiba ya chama. Akanitazama jinsi anavyotazama kitambaa kilichokatwa kinyume, akavaa hedifoni. Jana akauliza tena, "Mpaka Jumamosi utakuwa umemaliza?" Nikamwambia suruali za mlinzi wa ukumbi zitakuwa tayari hata kabla ya hapo. Akasema, "Mungu wangu," akaenda kunywa maji.

Kwa kuyazingatia yote hayo, naiomba Kamati iamue yafuatayo.

Kwanza, ombi likataliwe, au liahirishwe mpaka suala la muziki lichunguzwe kikamilifu. Niko tayari kuongoza uchunguzi huo.

Pili, kichombo kitangazwe kuwa ni kifaa cha hatari kwa ushonaji wa miguu, na vichombo vya aina yake vizuiwe kuvuka kizingiti cha karakana ya mwanachama yeyote.

Tatu, Bwana Waranti aitwe mbele ya Kamati aeleze kwa nini aliniuzia. Atasema nilimlazimisha. Nilimlazimisha kwa hoja.

Nne, mtu wa kuaminika amweleze dada yako hali halisi ya huko anakotaka kwenda. Ukumbi mpya una redio, ndiyo. Lakini redio hiyo imefungwa juu ukutani ndani ya wavu wa chuma, ufunguo anao Katibu, na hakuna mwanachama anayeweza kuugusa wimbo, kuupanga, wala kuutolea maelezo. Wimbo unakuja wenyewe na kuondoka wenyewe. Huo ni muziki au ni manyunyu? Nina hakika akilijua hilo atabadili mawazo.

Tano, na hapa naomba Katibu asome pole pole. Ikiwa Kamati, kwa sababu za udugu ambazo sizitaji, itaamua kumkubalia, basi itazame kifungu cha tisa cha katiba yetu: fundi akihamia ukumbini, vifaa anavyovitegemea katika kazi yake vitahama naye. Dada yako hajakata kitambaa tangu tuoane. Mimi ndiye ninayemkatia. Kwamba meza ya kukatia ni kifaa chake, hakuna atakayelipinga. Mkasi ulio juu ya meza ni kifaa chake. Na mkono ulioshika mkasi je? Mkono hauwezi kuhamishwa peke yake. Kwa hiyo, kisheria, mimi ni kifaa. Sisemi hivi kwa kujishusha. Nasema kwamba mkimhamisha yeye, katiba yenu wenyewe inawalazimu mnibebe na mimi. Na kwa kuwa napinga, mtakuwa mmembeba mwanachama barabarani bila ridhaa yake, mchana, watu wakitazama. Fikirieni picha hiyo itakifanyia nini chama.

Sina la kuongeza ambalo halimo katika shajara, na shajara iko wazi kwa ukaguzi siku yoyote isipokuwa Jumapili. Nisalimie Katibu pamoja na ufunguo wake, Mweka Hazina, na wanakamati wote, wakiwemo wale wanaosinzia mkutanoni. Msalimie mlinzi wa ukumbi, umwambie suruali zake zimepatana miguu yote miwili. Ukishavua kofia ya Mwenyekiti na kuwa shemeji, msalimie mkeo, na umwambie sasa anaweza kucheka. Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Gauni lake limekamilika, bado vifungo.

Nabaki mshonaji mwenzenu, asiye na kinyongo na mtu ila na kifaa,

Mwanachama namba arobaini
(yule mnayemwita Bwana Tarehe, najua mnaniita hivyo)

Kiambatisho: fomu husika.

NYONGEZA, siku hiyohiyo, saa tisa alasiri.

Nilikuwa nimekusudia kuambatanisha nakala, kisha nikaona ni sahihi zaidi kuambatanisha fomu yenyewe. Nilipoondoa mkasi, feni iliipeperusha fomu ikaangukia upande wa pili.

Fomu ina ukurasa wa nyuma.

Nimekuwa mwanachama miaka ishirini na saba na sikuwa na habari. Nilitaka kupendekeza kwamba chama kiandike neno "Geuza" mwisho wa ukurasa wa mbele. Kumbe limeandikwa. Limo hata katika shajara yangu, tarehe 10 Juni, mstari wa mwisho, nimelinakili kwa mwandiko mzuri kabisa: Geuza.

Huko nyuma maelezo yanaendelea. Mke wangu ameandika: "Tunahitaji redio ambayo mume wangu haifikii." Mahali pa idadi ya mafundi ameandika wawili, akapigia mstari. Mahali pa mpangilio ameandika: "Cherehani ziwekwe zikitazamana, kama zilivyokuwa kabla ya waya." Kisha inakuja orodha ya vifaa vitakavyohama na fundi kwa mujibu wa kifungu cha tisa, nami nainakili hapa bila kubadili kitu: "Cherehani yangu. Cherehani yake. Meza ya kukatia. Mkasi mkubwa. Pasi. Mume wangu." Na chini yake: "Kichombo kisije, hata mfukoni." Mwisho kabisa kuna nafasi ya sahihi ya mwombaji wa pili. Ilikuwa wazi. Kando yake alikuwa ametia alama ndogo ya chaki, kama anavyonitilia pale ninapotakiwa kukata.

Ilinisubiri siku tatu, chini ya mkasi wangu.

Kwa hiyo naomba kila kilichoandikwa juu ya sahihi yangu kihesabiwe kuwa hakikuandikwa, isipokuwa hoja ya kifungu cha tisa, ambayo naona mke wangu aliifikia kabla yangu na kwa maneno machache. Barua sikuichana kwa sababu nimeiandika kwa usafi na haina hata doa moja. Kichombo kesho namrudishia Bwana Waranti. Simdai maelezo yoyote.

Nimetia sahihi. Nilipompa mke wangu fomu, aliutazama wino, akanitazama mimi, akasema, "Siku tatu, Bwana Tarehe! Siku tatu!" akarudi kwenye cherehani yake. Hedifoni zimetundikwa kwenye msumari wa kalenda. Sasa hivi, ninapoandika mistari hii, anajaza uzi kwenye bobini na ameanza ule wimbo wa harusi. Ubeti wa pili ameukosea palepale. Sikumsahihisha. Nimeandika tu.

Limebaki ombi moja, nalo nalisimamia. Katika orodha ya vifaa nimewekwa baada ya pasi. Kama Kamati haitaona vibaya, nisogezwe juu mstari mmoja.